Rangi Tano Zilizopata Majina

Ghorofa ya pili, nyuma ya soko
Jumapili, 14 Mei

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zangu na za wote waliomo humu ndani. Hujambo? Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Na wifi yangu, kifua kimepona? Sisi wazima, ila mgongo wangu unanikumbusha kila alfajiri kwamba nimebeba matenga ya mboga miaka ishirini na miwili. Usijali, mdomo haujaumwa.

Nakuandikia kuhusu binti yako. Sijasahau ulivyosema: akimaliza miezi mitatu ya majaribio kiwandani bila kuajiriwa, afunge mizigo aje huko asomee uhasibu unaoutaka wewe. Ulisema bado ni mbichi, hajui anachokitafuta. Maneno hayo aliyasikia, kaka, simu ilikuwa wazi, na siku ile hakula. Basi tulia nikusimulie.

Kiwanda chao kinatengeneza rangi za nyumba. Safari hii wametoa rangi sita mpya za kijani, zote za kuonyesha ule wakati mvua imenyesha na kila kitu kinachipua. Kazi ya kuzitafutia majina akapewa yeye, na huo ndio ukawa mtihani wake wa mwisho. Utaratibu wao ni kwamba wanaitwa watu watatu wasiojuana, wanatajiwa jina tu, kisha kila mmoja anagusa kipande cha rangi anachodhani ndicho. Wakigusa kimoja, jina limepita. Wakitofautiana, linatupwa.

Mwanzoni alijifungia na kamusi. Akatoka na majina marefu ya kupendeza, machipuko ya majira ya sijui nini. Akayajaribu kwa fundi anayepaka ngazi za jengo letu. Fundi akagusa vipande vitatu kwa jina moja, kisha akamwambia maneno hayo ni ya kujibia mtihani wa shule. Mwanao akarudi ndani amenywea.

Nikamwambia aje sokoni. Asubuhi mbili alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya meza yangu, daftari mapajani, akiandika tunavyosema sisi tunaouza na wanaonunua. Hakuna mtu anayekuja kwangu kutaka mboga za majira. Anauliza kama mchicha ni wa leo. Anavunja ncha ya bamia aone kama ni changa. Anaminya jani na kusema hili teketeke, lile limekomaa. Kuna fundi cherehani mmoja, mama mgumu kuridhika, hanunui mboga isiyo na umande. Mimi huzinyunyizia maji, naye anajua, na bado ananunua. Hilo nalo binti yako akaliandika. Nikamkataza, akacheka tu.

Ijumaa ndiyo ikawa siku yenyewe. Meneja wao, mtu asiyecheka ovyo, akaita mwashi kutoka jengo la jirani, dereva aliyeleta makopo, na muuguzi aliyekuja kuulizia rangi ya wodi. Likatajwa Chipukizi, vidole vitatu pale pale. Ndizi Mbichi, vivyo hivyo. Umande, Teketeke, Jani la Leo, yote yakapita. Matano, kaka, kati ya sita. Na mengi yametoka kwenye meza yangu. Sitaki kujisifu, lakini nani mwingine atanisifu?

Ile ya sita aliiita Ujana. Mwashi akagusa kijani kikali kinachokaribia manjano. Muuguzi akagusa kilichopauka. Dereva, ambaye kichwa kizima ni mvi, akasema wake haumo humo. Meneja akamgeukia mwanao, akamuuliza ana la kusema. Mimi ningewalaumu watu wale mmoja mmoja. Yeye akajibu, "Nimekosea, meneja. Niliwaza ujana wangu, nikadhani ni wa wote. Naomba niliondoe, nitafute upya."

Meneja akamwambia majina matano yalitosha kumwajiri, lakini anamwajiri kwa sababu ya jibu hilo. Haya yote nimeyapata kwa yule dereva, alipokuja kununua bamia. Mwenyewe aliniambia tu, "Shangazi, wamenichukua."

Barua ya ajira nimeishika kwa mikono yangu, ina muhuri. Nusu ya soko wameiona. Hata muuza samaki, ambaye hatusemezani tangu mwaka juzi, nimemwonyesha.

Sasa nisikilize. Ana siku mbili anaandika namba yako kwenye simu na kuifuta. Nilipomuuliza kulikoni, akasema, "Baba atasema ni bahati." Mimi nimemlea tangu ulipomwacha ana miaka tisa. Hongera zangu amezizoea, hazimshibishi. Kwa hiyo barua hii usinijibu mimi. Mpigie yeye. Uhasibu usiutaje. Mwambie umesikia, na kwamba unamwonea fahari. Kama bado humwonei, isome tena barua hii mpaka umwonee, ndipo upige.

Nisalimie wifi sana, na kitinda mimba wenu, yule mtundu. Mama naye anakusalimu, anasema punguza chumvi. Mungu awape afya na usingizi mtamu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayetembea kifua mbele tangu Ijumaa,

Mama Mboga