Uji wa mjomba wake Shami

Ingrid uko? Usinipigie, nimejifungia chooni, nitalia.

Unamkumbuka Shami, yule msichana wa wodini kwangu aliyevunjwa mkono huko kwao? Asubuhi alikubali nimguse kwa mara ya kwanza. Niliomba ruhusa kama tulivyofundishwa chuoni, nikavuta pazia, nikamwahidi, "Hataingia mtu hapa usipotaka wewe."

Akasema, "Sawa, dada. Mchana nitakwambia ni nani alinivunja."

Ingrid, alikuwa tayari kumtaja!

Mchana akaja mjomba wake na chupa ya uji. Mpole, shati limepigwa pasi. "Mimi ndiye umurwaza wake." Unajua huku mgonjwa asiye na umurwaza wa kumlisha na kumwogesha anavyoteseka. Nikafurahi mimi! Nikafungua pazia kwa mkono wangu. "Shami, una bahati, ona nani amekuja."

Una bahati. Nimesema hivyo.

Hakulia. Alijivuta hadi ukutani, kisha akakaa wima akanywa uji wote, yule mtu akimshikia kikombe. "Kunywa mwanangu, muuguzi aone unapona."

Alipotoka kuosha kikombe nikamnong'oneza, "Ni yeye?"

Hakuniangalia. "Andika nilianguka, muuguzi."

Nikakimbia kwa mkuu wa zamu. Akaniambia, "Mtoto mwenyewe amekataa kumtaja. Nimfukuze umurwaza kwa sababu gani?"

Nimemwacha yule mjomba amekaa kitandani kwa Shami, anamchana nywele.

Muuguzi, Ingrid. Asubuhi nilikuwa dada.