Siku Ulipojiunga na Kundi Letu, Baba

Baba yangu mpendwa,

Jana nilipita Nachingwea mjini, pale palipokuwa na duka la intaneti. Siku hizi wanauza magodoro. Nikacheka peke yangu njiani kwa kukukumbuka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, umeshastaafu ualimu, unaishi na mama kijijini Malolo. Madaktari walishasema ni Parkinson, ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliokutetemesha mikono na kukukaza miguu. Kaka Deo, aliyekuwa Dar, alikutafutia dawa na kuonana na daktari. Dada Consolata yuko Mwanza, mimi nafundisha Nachingwea, na kila mmoja alimpa mama maelekezo yake mpaka akachanganyikiwa. Ndipo Deo akafungua kundi la barua pepe: ukituma moja, wote tunaipata. Mama aliandika kwenye daftari saa ulizomeza kidonge, ulichokula na ulivyotembea. Kila Jumamosi nilikuja kulichukua daftari, nikaenda kuyatuma hayo maandishi kwenye lile duka la intaneti. Majibu nilikuletea kwenye karatasi.

Ukayasoma, ukakunja uso. "Mnanijadili kama barabara mbovu! Na mimi niingizeni."

Jumamosi iliyofuata tukapanda gari wote wawili hadi dukani. Ulikataa nikuandikie. Kidole kilitetemeka juu ya kila herufi, ikatoka: "Wanannnangu, mmmimi mzzzima." Nikataka kufuta.

"Acha," ukasema. "Wauone na mkono wangu."

Consolata akajibu palepale: "Babaaaa, tumekusssikia!" Ulicheka hadi mwenye duka akaja kuangalia kuna nini.

Tangu hapo ukarudi kuwa mwalimu wa hesabu. Ulizipanga kurasa zote za daftari la mama, siku mbaya upande wake. "Njoo uone," ukaniita. "Nikimeza kidonge pamoja na maharage au nyama, miguu inagoma." Tukaliandika hilo kwenye kundi, Deo akamfikishia daktari. Daktari akasema umeona sawa: kidonge kitangulie, chakula kifuate baadaye.

Wiki chache zikapita, ukataka kwenda kijiji cha Namungo kutazama mpira. Mama akasita. "Ukiganda katikati ya watu je?"

"Watanizunguka wapite," ukamjibu, ukachukua kofia.

Ulitembea mwenyewe mpaka ukingoni mwa uwanja, mimi nyuma yako nikijifanya sikutazami. Bao lilipoingia uliruka kabla ya vijana! Ukanikumbatia, mwili wote unatetemeka, nami sikujua kama ni ugonjwa au ni bao.

Ugonjwa ulikuzidi baadaye, Baba, na siku za mwisho zilikuwa nzito. Lakini kabla yake ulipata miaka ya kutembea, nasi tukapata miaka ya kuandikiana nawe. Nikikulilia, silii kwa muda mrefu, kicheko kinaniwahi.

Deo na Consolata wanakuja Krismasi. Mama bado ana nguvu za kutugombeza, na sisi bado tunamchokoza makusudi ili tumsikie.

Pumzika kwa furaha, Baba. Huku kwako kuna kelele.

Kitindamimba wako