Tulikula Bukari mu Mulango ya Motokari Yako

Baba Ilunga, bwana yangu, weye ulienda na kuniachia kazi nusu,

Nakuandikia na mukono yangu mwenyewe, na ile maandiko nilijifunza ku parokia pamoja na bamama bengine. Kama mistari inaenda mupande, usicheke. Weye ulisoma miaka mingi na mwandiko yako ilikuwa kama kuku amepita mu matope.

Habari ni hii: jumamosi motokari yako imetoka mu lupango, mu uwanja ya nyumba yetu. Haikuvutwa na kamba. Ilitoka na moteri yake. Lakini mbele ya kukuelezea, niko na neno, na nataka uisikie kwangu, hapana kwa bale banakufuata huko na midomo yabo mirefu. Ule mwizi wa milango ya motokari ni miye.

Ikala chini. Nitakuambia yote.

Unakumbuka siku ulinitosha kwetu Kambove kunileta hapa? Mama yangu alipakia kuku sita nyuma na mifuko mbili ya bunga, na miye nikapanda mbele na liputa, kitenge yangu ya arusi. Ku mulima ya kwanza moteri ikakufa. Bantu ya ndoa bangali banatuangalia. Ukaniambia bila haya, "Bibi yangu, shuka usukume, uko na mikono ya kulima." Nilishuka. Nilisukuma, matope mpaka ku magoti, na weye uliikala ku usukani kama shefu. Kutoka ile siku, kila mara motokari ilikufa, weye uliikala, miye nilishuka. Nikilomba kushika usukani, hata hapa mu lupango, unasema, "Utaigonga ku ukuta." Ukuta uliigonga weye, mara mbili. Sijasahau.

Na Ngoie, mutoto ya Ilunga wetu, ule mujukuu anatuita nkambo, unamukumbuka vile ulimubeba ku magoti, motokari imesimama, yee anazungusha usukani, weye unafanya sauti ya moteri na kinywa? Ulikuwa unamuita bibi yako mudogo. Yee akinichokoza ananiita mbanda, mukemwenza, sababu tunagawana bwana. Siku moja ukamuambia mbele ya bantu, "Bibi yangu mudogo, siku utapata diplome, hii motokari ni yako. Njo mali ninakuolea." Nikauliza, "Na miye bibi mukubwa, napata nini?" Ukasema, "Weye utasukuma." Bote bakacheka. Na miye nilicheka, sitakudanganya.

Alafu ukaifungua moteri. Ilikuwa siku ya kwanza ya juma. Ukatosha ule mufuniko ya juu, ule wa aluminiumu unazuia mafuta isiruke, ukauweka ku kiti na kusema, "Kesho nitarudisha." Ukaingia mu nyumba kunawa mikono, ukasema kichwa inauma. Ile kesho haikufika. Mufuniko ulibaki ku kiti, na vidole vyako vya mafuta juu yake.

Bantu balikuja ku kilio yako, ku matanga, mpaka nikashangaa. Balitoka Likasi, balitoka Kambove, bengine sikubajua hata jina. Na miye niko na sufuria mbili za nyumba. Utawapa nini bantu balilala chini mu lupango yako? Bukari, ugali yetu, ya kugawa na kijiko? Sikutaka baseme Baba Ilunga alizikwa na njaa. Nikafungua na kutosha milango mbili ya motokari, na yenyewe ya aluminiumu, nikachukua na ule mufuniko, nikabeba yote ku kigari kwa muzee Saidi, ule mu-Maniema anayeyeyusha aluminiumu kule Kampemba na kufanya sufuria. Akafanya moja kubwa, mutoto anaweza kuoga ndani. Bantu bakakula, bakashiba, bakakulilia vizuri.

Kisha Ilunga akauliza, "Mama, milango ya papa iko wapi?" Nikasema bezi balikuja kuibeba. Neno ikanitoka tu. Na kurudisha neno, unanijua.

Miaka kumi, baba. Miaka kumi napika mu ile sufuria.

Sasa mwaka huu Ngoie amepata diplome. Benzake balimumwangia pudra kutoka kichwa mpaka viatu, vile banafanyaka kwa batoto bamepita mutihani, akaingia mu lupango mweupe kabisa, macho tu njo ilionekana. Nikafungua mikono nimukumbatie. Akapita. Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba na kusema, "Nkambo, tosha kuku yako mu motokari yangu."

Nikamuambia, "Kuku yangu iko juu ya mayai mu kiti ya shofere. Hapana mutu ataigusa mpaka vifaranga bitoke."

"Nkambo, niko na diplome."

"Na yee iko na mayai kumi na mbili."

Tulingojea. Kuku ilishinda diplome.

Vifaranga bikatoka, na Ngoie akaanza. Usiwaze mutoto wa kusimama pembeni na simu. Alivaa kombinezo yako ya kazi, akaikunja miguu, akalala chini ya ile chuma pamoja na fundi Kasongo, ule wa garaji nyuma ya soko. Kutu ilikuwa imekula sakafu, na lenga-lenga ilikuwa imeota ndani. Nilichuma mboga mu motokari yako, nikapika, ilikuwa tamu. Fundi akaangalia na kusema, "Hii si ya kutengeneza, hii ni ya kulilia." Ngoie akamujibu, "Papa Kasongo, lilia ku kwenu, hapa tunatumika kazi." Miye nilikuwa mu jikoni na nikasema mu roho, ule ni mutoto yangu.

Balikwangua kutu juma sita. Alivunja kucha zote na akaendelea kukwangua. Balifanya milango mpya na bati ya pipa. Kiti nilishona miye na kitambaa ya shati zako, zile za mistari. Kila kitu ikapatikana, isipokuwa ule mufuniko ya moteri. Balitafuta garaji zote. Balituma neno mpaka Mokambo, kwa bale banavuka Zambia kila juma. Hakuna wa kuuzisha. Motokari ya zamani kama ile, bantu balishaisahau.

Alafu Ilunga akasema, "Mwisho ya mwezi, kama haijawaka, naita bantu ya bichuma babebe yote. Nimechoka kuangalia kaburi mu lupango." Unamujua mutoto yako, akisema amesema. Ngoie akaikala ku meza. Akakata bukari, akaizungusha mu mukono bila kula. Kisha akasema, polepole, "Ule mwizi, mikono yake ioze."

Na mikono ndiyo hii ilikuwa inamupakulia.

Nikaweka mwiko chini. Nikasema, "Isioze. Unakula mu mulango."

"Nini, nkambo?"

"Ile sufuria. Ni milango ya motokari ya nkambo yako. Na mufuniko iko ndani. Nilipikia kilio yake."

Ilunga alisimamisha mukono mu hewa. Nikawaza, leo bananifukuza mu nyumba yangu. Ngoie akaangalia sufuria, akaniangalia, akaanza kucheka mpaka bukari ikamupita njia mbaya na Ilunga akamupiga mu mugongo. "Mbanda yangu," akasema na machozi, "miaka kumi nalaani mwizi, na yee ananiongezea mboga." Kisha akasimama, akapiga sufuria na vidole, ikalia kama kengele. "Basi iko hapa. Haikupotea. Iko hapa."

Fundi Kasongo akaazima, siku moja tu, mufuniko ya mutu alikatala kuuzisha motokari yake ya namna ile, ili kuupiga chapa mu muchanga na kumwangia pale ile sufuria ikiyeyuka. Muzee Saidi angali muzima, haone vizuri, lakini alipapasa sufuria na kusema, "Hii ni kazi yangu. Nilifanya kwa mama moja alikuwa na kilio, hakulia hata kidogo, alinigombeza tu juu ya masikio ya sufuria." Nikamujibu, "Na leo tena masikio haiko sawa."

Siku moja mbele ya kuiyeyusha, nilipika mu ile sufuria mara ya mwisho. Niliita majirani bote, tukakula bukari na sombe ya majani ya muhogo na samaki ya bitoyo, tukakunywa munkoyo ya mahindi, na nilikwangua ukoko mwenyewe, sikumupa mutu. Kesho yake sufuria ikaingia mu moto. Ilianza kulegea kama siagi, na sikio moja ilibaki juu mpaka mwisho. Hapo njo nililia, baba. Sikulia ku kilio yako, kulikuwa na bantu ya kulisha. Nililia pale, mbele ya muzee Saidi, na yee akajifanya hata ile haone.

Mufuniko ukatoka mweusi, mubaya, na vipele. Ngoie aliupiga tupa siku tatu. Ukakaa ku moteri kama ulizaliwa hapo.

Sasa jumamosi. Ilunga amevaa shati ya misa, majirani bamejaa ku mulango ya lupango. Ngoie anazungusha ufunguo, miye niko mu kiti ya pembeni yake. Moteri inakohoa, inakufa. Tena, inakufa. Batri haina nguvu. Nilishajua. Nikaanza kufunga liputa yangu na nguvu, nikashika mulango nishuke. Miguu yangu inajua ile kazi.

Ngoie akaniangalia. "Unaenda wapi, nkambo?"

"Kusukuma."

"Ikala." Akashuka yee, akanivuta mpaka ku kiti yake. "Kamata usukani. Kanyaga hapa. Nikilia 'achia', unaachia."

"Nitaigonga ku ukuta."

"Gonga. Ni motokari yangu."

Balisukuma bote, Ngoie, Ilunga na shati yake ya misa, fundi. Usukani ilikuwa nzito kuliko nilivyowaza, na pale juu, ku mukono ya kuume, mpira umeliwa, nafasi ya kidole gumba yako. Niliweka yangu pale. Ngoie akalia, 'Achia!' Nikaachia. Na moteri yako, Baba Ilunga, ikawaka chini ya miguu yangu. Nilipita mulango ya lupango, nilipita mama anauzisha makala ya kupikia, nilipita bantu banapiga mikono. Ukuta sikuigonga. Nilisimama mu kilima ya muchanga ya jirani anayejenga, sababu hakuna mutu alikuwa amenionyesha kusimama.

Ngoie njo anaendesha sasa. Amesema nizoee kuikala mbele. Sufuria mpya amenipatia, bukari inashika chini, naigombeza kila siku.

Deni yako kwa bibi yako mudogo imekwisha, lala vizuri. Na siku nitakuja huko, kama uko na motokari ingine, ujue mbele kabisa: sishuki.

Bibi yako mukubwa,
Mama Ilunga