Mama Mkwe Anahama kwa Ajili ya Kompyuta

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nimefika mwisho, mume wangu Nebojša si mlevi, si mhuni, hajawahi kuninyanyulia mkono, ila ana kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna prosesa, ule ubongo wake, ile ya bei mbaya kuliko zote dukani, ambayo kiwandani walishaifanya iende mbio lakini yeye haimtoshi, anaiongezea kasi, anaizidishia umeme, halafu anaipima joto kutwa nzima kama mtoto mwenye surua, na ili isichemke ametufungulia dirisha la sebuleni, Desemba hii ya baridi kali, na mlango wa upande wa pili pia, upepo ukatize katikati.

Sasa mama yake, Mama Ljubinka, tunaishi naye, na wewe unawajua watu wetu na promaja, upepo wa kukatiza nyumba, kwake yeye huo ndio unaoleta shingo kukakamaa, figo, meno, kila kitu, basi ikawa mmoja anafungua mwingine anafunga, "Mwanangu, utatuzika sote!" "Mama, zinapungua nyuzi tano nzima, vaa soksi!" na mimi katikati nakaanga vitunguu.

Siku ya Mtakatifu Nikola, sikukuu ya ukoo wetu, Nebojša aliamka akaanzisha jaribio lake refu kuliko yote, la kuwaonyesha wenzake wa mtandaoni, akaniambia, "Mtu asiguse kitu," akaenda kituoni kumpokea mjomba wake Radojko. Mashine iko hapo hapo sebuleni karibu na meza, inamulika taa nyekundu na za zambarau kama baa, na padri yuko njiani, nikaona aibu, nikachukua kitambaa cha kufuma cha mama mkwe, vile tunavyofunika televisheni, redio na kila kitu chenye mgongo bapa, nikakitandika juu yake na kuweka sahani ya ngano tamu, ile ya sikukuu ambayo padri huibariki. Sikujua kwamba huko juu ndiko inakotolea hewa ya moto, naapa sikujua, feni zikaanza kupiga kelele, kisha ikazima yote. Nikanyakua sahani, kitambaa nikakisukumia kabatini.

Kumbe Mama Ljubinka naye alikuwa ameshafunga dirisha kwa ajili ya wageni. Nebojša anaingia, mashine imezima, dirisha limefungwa, akalipuka mbele ya mjomba, padri na majirani: "Mama, umeniulia prosesa! Na ni makusudi!" Mama wa watu akabaki ameshika bakuli la supu ya samaki, akasema, "Ni kweli, mwanangu, nimelifunga mimi." Nami nikaendelea kugawa vijiko.

Tangu hapo prosesa haifikii tena kasi ile, Nebojša hasemi na mama yake, na mama amevunjika moyo kabisa, sasa dirisha analifungua mwenyewe, halafu anakaa jikoni na skafu ya sufu shingoni, na anasema Jumamosi anapanda basi kurudi kwenye nyumba ya kijijini, ambayo haina mtu tangu baba mkwe afariki, nyumba ya kupashwa joto kwa kuni, naye mapafu yake ni mabovu. Na aibu yangu kubwa, mshauri, ni kwamba aliposema anaondoka moyo wangu uliruka kidogo kwa furaha, nikaliona jiko likiwa langu peke yangu. Nikisema ukweli Nebojša atanilaumu hadi nizeeke. Nisiposema, je, ni dhambi?

Mkwe Aliyenyamaza, Kragujevac

Mkwe uliyenyamaza,

Ngoja kwanza nivute pumzi. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Kitambaa nakusamehe. Mwanamke aliyelelewa katika nyumba zetu akiona kitu bapa, mkono unakwenda wenyewe. Lakini vile vijiko, binti yangu! Ulimwacha mama wa watu akiri kosa lako mbele ya padri, wewe unagawa vijiko! Unaniuliza mimi kama ni dhambi, wakati padri mwenyewe alikuwa mezani kwako. Jibu unalo, ndiyo maana hukumuuliza yeye.

Na huyo Nebojša! Nimelea wavulana wawili wa aina yake, kwa hiyo anisikilize. Prosesa ikizidi joto hujizima ili isiungue. Kama sasa imechoka, basi huenda imechoshwa na huo umeme anaoishindilia tangu siku ya kwanza. Mtu anayepima joto kila sekunde alishindwa kuuliza swali moja kabla ya kumfokea mama yake? Mashine na ihamie chumbani kwenu, alale nayo na dirisha lake wazi. Promaja si mchezo, hapo mimi niko na mama mkwe wako.

Sasa fanya hivi. Leo, kwenye chakula cha jioni, wote wawili wakiwa mezani, sema, "Ni mimi niliyeifunika ikazima." Usianzie kwa mume chumbani, maana atakasirika, utalia, mtapatana, na mama hataambiwa kitu. Nebojša akipiga kelele mwache apige, safari hii ni zamu yako. Akimaliza, ampigie simu mjomba Radojko na kila aliyekuwepo, awaambie mama yake hakuua chochote. Kuhusu jiko, mtaligombania miaka mingi ijayo kama sisi wengine, na afadhali hivyo kuliko kuwa nalo peke yako kwa bei hii.

Na kama gazeti limekufikia mama ameshaondoka, usipige simu. Panda basi linalofuata. Utamkuta anapuliza moto usiotaka kushika, na atakufurahia, hapo ndipo ninapokuogopea. Mwambie ukiwa bado mlangoni, kabla hajakuwekea kahawa. Akishakuwekea, hutasema tena.