Nampa Mgeni Nyumba Yote, Mwanangu Hasikiki

Shangazi mshauri mpendwa, nisaidie na tafadhali usinicheke, mimi ni mjane, nadarizi nembo za sare za shule hapa nyumbani, na nakshi zote alizichora marehemu mume wangu kwa programu ya zamani ambayo hii kompyuta mpya niliyoletewa na mwanangu wa pekee, anayefanya kazi ughaibuni, haiitambui kabisa, mfumo wake ni mwingine, basi fundi akauweka mfumo wa zamani ndani ya huu mpya, akaniambia, "Mama, huyu ni mgeni, kila anachosema lazima kitafsiriwe, atakuwa mzito," nami nikamwomba ampe mgeni memori karibu yote, na bado nakshi moja kufunguka naweza kupika nikala nikaosha vyombo, kwa hiyo siuzimi mfumo huo wa zamani kamwe, na sitaki kudanganya, nikiuona ule uso wa programu nahisi kama mume wangu ameinuka tu kunywa maji, lakini sasa mwanangu akipiga simu ya video kwenye kompyuta hiyohiyo anaganda mdomo wazi, maneno yanakatika, namwambia mtandao mbovu, na siku hizi hapigi tena, nyumba kimya, nasikia feni ya kompyuta tu ikihema, nikiufuta ni kama namzika mume wangu mara ya pili, nisipoufuta nampoteza mtoto, nifanyeje?

Mdarizi mpweke

JIBU

Pole sana, mdogo wangu. Kukaa na kiti kisicho na mtu si mchezo. Lakini na wewe umezidi! Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umempa kitanda, umemlaza mwenye nyumba, yaani huo mfumo mpya, sakafuni, halafu unashangaa hana nguvu ya kupokea simu. Tena unausingizia mtandao wa watu!

Hakuna cha kufuta. Mwambie fundi akutafutie kompyuta kuukuu inayotumia mfumo ule wenyewe, nakshi zihamie huko. Bila kutafsiriwa, programu itafunguka upesi. Kwa sasa apunguze memori ya mgeni, na ukimaliza kudarizi, mzime huyo mgeni. Kusubiri afunguke tena hakuui, kunja sare.

Na usingoje kijana apige. Kijana huyo anadhani umemchoka. Chukua simu ya mkononi leo hii, mwambie ukweli wote, hata ule wa kunywa maji. Yeye naye alifiwa na baba, tena akiwa mbali, na hana wa kulia naye ila wewe.