Nani kampa Bosi rosti?

Kitendawili, Mama Generosa! Namchinja yeye, nalia mimi. Ni kitunguu, na sasa kinataka kuniulia mbwa wangu Bosi!

Nimechoka mwenzangu. Bosi hasimami, mkojo mwekundu kama damu.

Daktari wa mifugo kasema vitunguu ni sumu kwa mbwa, vinamharibia damu. Akauliza, "Nani kampa, na kiasi gani? Nisipojua nitamtibuje?"

Rosti yangu ya juzi ilijaa vitunguu, ya kumkaribisha Donatus, mchumba wa mjukuu wangu. Lakini sahani zilirudi nyeupe, bila mabaki ya kumpa mbwa!

Nikamuuliza mzee wangu. Nikamuuliza mjukuu. Kila mmoja akasema si yeye. Nikasema basi, mbwa wangu anakufa hivi hivi.

Ndipo Donatus, aliyekuja kumjulia hali Bosi, akainama. "Bibi, nisamehe. Nilimpa mimi, sahani zote tatu ulizoniongezea."