Kidole cha Mama Daktari

Jumatatu, 9 Juni

Gauni limekwisha! Nimelitundika kwenye mlango wa kabati, nikalizunguka kama mteja anayetafuta kasoro. Hakuna. Zambarau, mikono ya kengele, shingo nimeitia shanga kwa mkono, moja moja. Nimempigia picha binti yangu nikamtumia hapo hapo. Jumapili jioni napanda ndege kwenda kumwona akivishwa joho. Daktari wa meno! Mimi niliyeishia darasa la saba nimezaa daktari wa meno. Siku hizi hapa mtaani anayeniita kwa jina langu simwitikii. Mama Daktari, basi.

Ila kidole gumba cha mguu wa kulia kinapwita. Tena mguu wenyewe ndio wa kukanyagia cherehani. Juzi ukucha ulikuwa unakwaruza soksi, nikachukua mkasi wangu wa nyuzi, nikaikata kona kwa ndani kabisa, kama ninavyokata kona ya kola ili ikigeuzwa itoke kali. Kola inatoka nje. Ukucha, kumbe, unaingia ndani! Jirani yangu Mama Pacha anasema nipake dawa ya meno. Nikamwambia, dawa ya meno kidoleni, binti yangu akisikia si atarudisha joho? Tulicheka mpaka mteja akasahau alichofuata.

Jumanne, 10 Juni

Kimevimba, na kwenye kona kinatoa usaha. Wekundu unaonekana hata kwenye weusi wangu huu, na ngozi inang'aa. Vile viatu vya sherehe nimevijaribu — mguu umegoma mlangoni. Mzee wangu akasema twende zahanati. Nikasema kesho. Akasema, "Hiyo kesho yako imekwisha kula miguu ya watu wengi." Nikanyanyuka.

Nesi ni binti mdogo ila hana mchezo. Alinitoboa kidole cha mkono kupima sukari. Safi! Nikamwambia, mwanangu, kila kitu changu ni safi, ni kidole hiki kimoja tu kilichoniangusha. Akauliza nilikatia nini ukucha. Nikamwambia. Akafumba macho kidogo. Kisha akauinua ukucha, akachomeka kipamba chini ya kona — hapo nilimwita marehemu mama yangu na shangazi zangu wote kwa zamu! Katikati ya machozi nikamweleza habari za binti yangu, chuo chake, joho lake. Akasema, "Hongera, mama, tulia." Halafu akachukua kalamu ya wino, akachora mstari kuzunguka wekundu wote. Wekundu ukibaki ndani ya mstari, nasafiri. Ukivuka, sipandi ndege, nirudi kwake mbio. Eti huko angani mguu unavimba zaidi na hakuna wa kumwita.

Nimepewa vidonge, na nimeambiwa niloweke mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Binti simwambii. Nikimwambia atasema, Mama, baki nyumbani. Namjua, ana huruma ya kukera.

Jumatano, 11 Juni

Mguu juu ya stuli kutwa. Nimejaribu kushona kwa mguu wa kushoto, mshono ukaenda kama mlevi anayetafuta kwao. Nimeacha.

Binti amepiga simu ya video. Nikaishika juu kabisa aone uso tu. Akauliza mbona leo sishoni. Nikamwambia mabosi hukaa. Alicheka vizuri! Wekundu uko ndani ya mstari. Nimeangalia hata nisipotakiwa kuangalia.

Alhamisi, 12 Juni

Haya, balaa limekuja na nimelileta mwenyewe.

Maji ya chumvi yamefuta mstari wa nesi. Kumebaki kivuli tu, tena si pote. Nikasema hili nalo ni jambo la kumsumbua nesi? Mimi mistari ndiyo kazi yangu! Nikachukua kalamu, nikafuata kile kivuli taratibu, nikatoa mstari laini kama shingo ya gauni. Nikajisifu. Mzee wangu akaja na miwani yake, akainama, akauliza mbona mstari umekuwa mbali hivi.

Nikatazama. Jamani! Nimeacha nafasi ya mshono!

Upana wa kidole kuzunguka pote, kama ninavyoacha pembeni mwa kitambaa ili sindano ipate pa kupita. Mkono huu umezoea, ukipewa kalamu unajiachia nafasi wenyewe bila kuniuliza. Sasa wekundu uko ndani ya mstari, tena umekaa kwa raha zake — lakini mstari wa nani? Wa nesi sijui tena ulipita wapi. Mzee wangu akasema, "Umejiponya kwa kalamu, mke wangu." Akacheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akaushika mguu.

Ijumaa, 13 Juni

Tumerudi zahanati. Nesi yuko semina mpaka Jumatatu. Daktari wao huja Jumatatu pia. Na ndege yangu ni Jumapili, sherehe Jumanne! Mlinzi ndiye aliyebaki na la kusema, akasema pole.

Maumivu yamepungua. Au nimeyazoea, sijui. Usaha umekauka. Vidonge nakunywa kama nilivyoambiwa. Ila juu kidogo ya kidole nahisi joto. Mama Pacha ameweka kiganja, anasema hakuna joto, ni soksi. Mzee wangu ameweka chake, anasema joto lipo. Wamebishana juu ya mguu wangu kama vile mimi sipo. Mama Pacha akamaliza: "Nenda zako, ukishuka kule daktari anakungoja." Nikamwambia daktari wa meno, jirani! Labda kidole kiote meno kwanza.

Hata hivyo leo nilikuwa na furaha. Watu wamepita kuniaga tangu asubuhi. Kila aliyekuja nimemwonyesha gauni, na aliyekwisha kuliona nimemwonyesha kwa ndani, aone nilivyomaliza mishono. Mguu nimeufunika kanga.

Jioni mzee wangu amenipangia begi lote. Nguo zangu anazikunja vizuri kuliko mimi. Gauni limewekwa juu kabisa, lisijikunje. Lakini zipu hakufunga. Akasema haifungi mpaka mtoto ajue. "Umemsomesha udaktari halafu unamficha kidole?" Nimekuja kulala, begi limebaki wazi.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi. Nimempigia mwenyewe.

Nilianza mbali, nikaulizia hali ya hewa ya huko. Akasema, "Mama, sema." Nikasema. Kola, mkasi, nesi, mstari, yote. Nilipofika kwenye nafasi ya mshono alijiziba mdomo, nikaona mabega yanatikisika. Kisha akawa daktari pale pale nikimtazama. Sura ikabadilika, sauti ikashuka. "Mama, teremsha simu." Nikateremsha. Nikamuuliza, nije nisije? Akasema yeye ni wa meno, kwa mguu hataki kubahatisha, tena mguu wangu. Chumba cha pili anakaa mwenzake anayesomea udaktari wa ngozi na vidonda, amekwenda kumwita. Nisitikisike.

Basi sitikisiki. Simu nimeiegemeza kwenye cherehani, mguu juu ya stuli, na ninaandika maana mikono haijui kukaa bure. Mzee wangu amesimama karibu na begi, mkono juu ya zipu.

Wamefika. Nawaona nusu nusu. Huyo mwenzake ni msichana mrefu, nywele fupi, bado ana mswaki mkononi. Wanaongea lugha ya huko, kasi kasi. Nimetega sikio, maana kidogo nilifundishwa. Neno mguu sijalisikia. Nimedaka vipande tu: mama yangu. Ameshona. Yeye mwenyewe, kwa mkono. Binti anamsogezea yule msichana simu nyingine — ni gauni! Ni ile picha ya gauni! Kidole kinangoja na yeye anatangaza gauni!

Mzee wangu ameinama sikioni kwangu: "Hayo majivuno ameyatoa wapi, sijui." Nimempiga kofi la bega, nyamaza.

Sasa yule msichana ameweka mswaki chini. Amesogea mpaka uso umejaa kioo. Ananiuliza kitu, binti anatafsiri: nibonyeze taratibu pale juu ya kidole, penye joto, niseme kama panauma. "Na useme kweli, Mama. Usijisifu."

Nabonyeza. Pakiuma nitasema panauma, hata ikiwa ni kubaki.